Saa Kumi na Mbili Kamili

1

Bi Mwantumu Kibwana hakuwa amemenya chungwa kwa miaka tisa, lakini mkono wake haukuwa umesahau kazi. Kisu kilizunguka taratibu, ganda likashuka refu bila kukatika mpaka likagusa kanga. Akakata kikofia juu, akalibinya kidogo, akalifyonza huku amefumba macho.

Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamemzunguka kwenye mstari wa pili wa shamba la Kwemdimu, wote wakimkodolea macho.

"Bi Mwantumu, sema basi!" Sikujua alishindwa kuvumilia.

"Hebu niache! Miaka tisa nameza vidonge vya machungwa, leo wataka nilimalize kwa pumzi moja?" Akafyonza tena, polepole, kwa kusudi la kuwatesa. Kisha akafumbua macho. "Jamani. Ni lenyewe. Ni chungwa la Muheza lenyewe."

Vigelegele vikalipuka. Sikujua Shekalaghe, mtaalamu wa maabara ya miti kutoka Tanga mjini, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye siku hiyo alitakiwa kuonekana mtulivu na mwenye heshima zake, alirukaruka mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Hakukitafuta. Alipokea chungwa, akafyonza, utamu ukampanda mpaka puani, akacheka peke yake.

Nani angemlaumu? Kuanzia Pangani hadi Horohoro hapakuwa na mchungwa mwingine uliobaki. Ugonjwa wa manjano ulikuwa umeyapitia mashamba yote. Ulikuwa unaziba mishipa inayoteremsha sukari kutoka kwenye majani, mti ukafa njaa huku majani yamejaa chakula. Shamba lililougua liling'olewa kwa amri ya Mamlaka ya Afya ya Miti, na mashine ya kung'olea, ambayo watu waliipa jina la Fagio, haikuacha hata kisiki. Miti mia mbili na arobaini ya Kwemdimu ilikuwa imesimama kwa sababu moja tu: Sikujua aliwaombea jaribio. Aliwaambia wazee wa nyumbani kwao, kwa mdomo wake mwenyewe, nipeni siku tisini na miti haitaguswa.

Alichokuwa anajaribu ni rojo, kirutubisho cha kijani kizito kama uji, chenye zinki na chuma na vijidudu hai vilivyofugwa maabara. Vijidudu hivyo hupanda na maji kutoka mizizini, vikifika kwenye mishipa iliyoziba hufumua kizibo kimoja kimoja, na kila kizibo kinapofumuka shina hudunda. Kwenye kila mti lilibanwa sikio, kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Sikio halina haraka. Mpaka lihesabu midundo mia ndipo linapoanza kulia, tik, tik, tik. Asubuhi hiyo mstari wa pili na wa tano ilikuwa inalia kwa fujo, na ukiweka kiganja kwenye shina ulihisi mdundo wenyewe ukikugonga.

Kiganja kimoja kilikuwa hapo muda mrefu. Kilikuwa cha Mzee Singano, mjomba wake Sikujua, ndugu wa mama yake tumbo moja. Masikio ya mzee huyu yalikufa zamani kwenye kiwanda cha mkonge. Alipewa kidude cha kusikilizia, akakivaa siku mbili, akakitia kwenye droo akisema kinamletea upuuzi wa kijiji kizima. Alisoma midomo, alisoma karatasi, na alizungumza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Inadunda!" alisema, na watu wakageuka. "Yangu haidundi!"

Kweli haikudunda. Miti yake arobaini ya mstari wa nne ilikuwa njano tupu, majani yamejikunja, sikio hata moja halijawahi kulia.

"Ingedunda vipi," Bi Mwantumu alinong'ona, "na asubuhi hata siku moja hatumwoni shambani? Mvivu yule."

Sikujua alimwendea mjomba wake, akasimama mbele yake ili amwone midomo. "Mjomba, huo mstari wako ulipewa maji matupu. Nina hakika. Si kosa lako."

"Hivyo ndivyo unavyosema wewe," alijibu Mzee Singano, akautoa mkono kwenye mti wa watu.

2

Jaribio lilikuwa la mistari sita. Mitatu ilipewa rojo, mitatu ilipewa maji yaliyotiwa rangi ya kijani, chupa zote sura moja, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, hata Sikujua. Majibu yalikuwa ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri. Sheria ilikuwa fupi: ikiwa angalau mistari miwili ya rojo imepona, shamba linabaki na rojo linasajiliwa. Mkaguzi wa Mamlaka angefika saa nne. Bahasha ilifunguliwa saa tatu, kwenye kibanda cha chupa, mbele ya mashahidi watatu kama ilivyotakiwa.

"Maji," Sikujua alisoma. "Wa kwanza, wa tatu, wa sita." Akageuza karatasi. "Rojo. Wa pili..."

"Nilijua!" Bi Mwantumu aligonga meza.

"Wa tano..."

Mama Hiza, mwenye mstari wa tano, mwanamke mpole ambaye hata kupiga chafya aliomba radhi, alipiga kigelegele kilichowashtua kuku.

"Na wa nne."

Sikujua alirudia kimoyomoyo. Wa nne. Mzee Singano, aliyekuwa akimtazama midomo, alielewa kabla ya wote. Uso wake ulianguka, akatoka nje bila kuaga. Kumbe alikuwa amepewa kilekile walichopewa wenzake, na mikononi mwao kimefufua miti, mikononi mwake kimeua.

"Hata hivyo miwili imepona," Mama Hiza alisema haraka. "Si ndicho kiwango?"

"Ndicho kiwango," Sikujua alijibu, lakini tayari alikuwa amevuta daftari la kumwagilia. Alifungua mstari wa pili. Kila siku ya tatu, kwa mwandiko wa Bi Mwantumu uliolala kama umechoka: saa 12, saa 12, saa 12. Mstari wa tano: saa 12, saa 12. Vizuri, kama ratiba ilivyosema. Mstari wa nne, kwa herufi za mzee zilizosimama wima: saa 6, saa 6, saa 6. Mara thelathini.

Damu ilimpanda Sikujua. Akatoka nje na daftari lake, akamsimamia mjomba mbele.

"Mjomba! Mbona saa sita? Ratiba inasema kumi na mbili! Thelathini nzima umekosea!"

Mzee Singano alimtazama midomo kwa muda. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka imechanika pembeni, ile waliyogawiwa siku ya kwanza. Akaikunjua kwenye goti, akaweka kidole.

"Hii ni saa ngapi?"

Kwenye karatasi iliandikwa 12:00.

"Wewe uliyesoma, nisomee! Mimi saa nilifundishwa na mama yako, kwa fimbo. Mshale mkubwa juu, mshale mdogo juu. Hii ni saa sita! Saa sita mchana, jua utosini! Nimekuja hapa siku thelathini, nyie mmelala mmeshiba ugali, mimi namwagilia!"

Sikujua aliinamia ile karatasi. Bila shaka ni saa sita. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba 12:00 ni saa sita. Akageuka polepole.

"Bi Mwantumu. Wewe ulimwagilia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Si ndivyo kisanduku kinavyosema?"

"Kumi na mbili ya lini?"

"Ya asubuhi, ya lini tena! Mama Hiza aliniuliza kama ni ya jioni, nikamwambia tangu lini mti ukanyweshwa dawa jioni?"

Kisanduku kilining'inia kwenye nguzo ya kibanda, zawadi ya Mamlaka kwa kila jaribio. Maelekezo yaliandikwa na maabara ya mbali, nchi ya baridi, na kisanduku kiliyasoma kwa Kiswahili, kwa sauti nzuri ya kike isiyo ya kwao na isiyo ya mtu. Sikujua alikibonyeza.

"Mwagilia rojo," kilisema, "saa kumi na mbili kamili."

Kilikuwa kimeona kumi na mbili, kikasema kumi na mbili. Na nani aliyekipitisha? Yeye. Alikisikiliza mara tatu ofisini, karatasi mkononi, akakagua majina ya madini, akakagua vipimo, akasahihisha hata neno "shina". Lakini jicho liliona 12:00, sikio likasikia kumi na mbili, vikakubaliana vyenyewe ndani ya kichwa chake bila kumuuliza. Wazazi wake walimwita Sikujua, na siku hiyo jina lilimkaa barabara.

Kijiji kizima kilisikiliza, kikakosea. Aliyefuata ratiba ni kiziwi peke yake.

Halafu, nyuma ya aibu, kitu kingine kilianza kumsisimua. Alikimbilia mstari wa nne, akapiga magoti, akachimbua udongo kwa mkono. Hata saa tatu hii ulikuwa umeshapata moto. Saa sita ungekuwaje? Maabara walijaribu rojo chini ya taa, ndani ya vioo, ambako saa zote ni sawa. Hawakujua jua la Muheza. Hapa mchana mti hufunga vitundu vya majani yake ili usikauke, maji yanasimama shinani, na vijidudu vinabaki kwenye udongo wa moto mpaka vinaiva. Lakini alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, majani yanafunguka, maji yanapanda kwa nguvu kuliko saa nyingine yoyote, na rojo linapanda nayo.

"Ni saa!" alipiga kelele, magoti yamejaa udongo. "Si mkono, si mti, ni saa! Mmegundua kitu ambacho maabara nzima haikukijua!"

Mzee Singano alikuwa amemfuata. Alimtazama midomo kwa makini, akamwomba arudie, na Sikujua akarudia.

"Kwa hiyo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "si mkono wangu?"

"Si mkono wako, Mjomba."

Mzee alikaa chini palepale, kati ya miti yake ya njano, akajifuta uso kwa kofia.

3

Ilikuwa saa nne kasorobo. Fomu ya usajili ilikuwa imeshajaa, ikisubiri kidole gumba cha Sikujua. Mahali pa muda wa kumwagilia paliandikwa 12:00.

"Wewe bonyeza," Bi Mwantumu alimwambia kwa sauti ya chini, akiwa amemshika kiwiko. "Miwili imepona, kiwango kimefika. Ukianza hadithi za saa watasema jaribio limeharibika, na lile Fagio lao litakuja. Mstari wa nne wang'oe, sawa, umeshakufa. Lakini yetu itabaki, mwanangu. Itabaki."

"Na hao wengine?" Sikujua aliuliza. Kila mtu alijua hao wengine ni nani: miche laki mbili iliyofichwa kwenye nyumba za wavu, Pangani mpaka Horohoro, ikingoja rojo lisajiliwe ili ipandwe.

Mama Hiza alipata wazo, uso ukamng'aa. "Si na wao wana visanduku? Vitawaambia saa kumi na mbili, watamwagilia alfajiri kama sisi, mambo yatakuwa mazuri!"

Lilikuwa wazo zuri na Sikujua alitamani liwe kweli. "Huko hawamwagilii kwa mkono, Mama Hiza. Ni mabomba ya umeme wa jua, yanayojifungua yenyewe. Bomba halisikilizi kisanduku, linasoma tarakimu. Litafunguka saa sita mchana, kila siku ya tatu. Miche yote itakuwa kama mstari wa nne."

Sikujua aliitazama miti ya mstari wa pili, ikilia tik, tik, tik, akahisi anataka kulia nayo. Angeweza kubonyeza, mara moja tu. Angebaki shujaa wa kijiji, mjomba wake angebaki mvivu asiye na mkono wa kupanda, na mwakani watu laki moja wangejiuliza wamekosea wapi.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Bwana Mntambo alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa mpaka mikono ikasimama, mzaliwa wa Tanga hukohuko, na kabla ya kukanyaga shamba alikanyaga dawa ya viatu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kisha wa kulia tena kwa uhakika.

"Dada Sikujua, nasikia kuna sherehe," alisema huku akitabasamu.

"Ipo. Lakini kwanza kuna kosa, na ni langu."

Akamweleza yote, bila kujificha nyuma ya mtu. Tabasamu la Bwana Mntambo lilipungua kadiri alivyosikiliza.

"Unanifanya niwe mbaya," alisema mwishowe. "Kanuni ya tisa. Jaribio lililofanywa nje ya ratiba iliyosajiliwa ni batili. Likiwa batili, shamba ni shamba lenye ugonjwa, kama jingine lolote."

"Kisanduku ni chenu!"

"Na wewe ulikipitisha. Kanuni inasamehe kosa la kifaa iwapo hata mtu makini angelikosea. Sasa niambie, mtu makini anaweza kuchanganya saa kumi na mbili na saa sita? Mimi siwezi kuliandika hilo, nikachekwa nalo mbele ya wakubwa." Alifuta jasho, na ilionekana wazi kwamba hakuifurahia kazi yake. "Siku saba. Ndiyo muda wa kisheria kabla ya kung'oa. Amri itakufikia leo."

Bi Mwantumu alisubiri gari liondoke. Kisha akamgeukia Sikujua kwa maneno makali ambayo hayana haja ya kuandikwa, akamalizia kwa kuketi juu ya ndoo na kulia.

Mzee Singano, ambaye hakusikia hata neno moja, alikuwa amekwisha kuinua chupa ya rojo na kuipima kwa mkono.

"Siku saba!" alisema, akiwa ameisoma midomo ya mkaguzi. "Miti ya Mwantumu ilianza kudunda siku ya ngapi?"

Sikujua alimtazama. "Ya tano."

"Sasa mnalilia nini?"

4

Amri ilisema siku ya saba, 12:00. Sikujua aliisoma kwa macho yake mwenyewe, akaihesabu kwa vidole: mpaka saa sita mchana. Jumla ya kumwagilia ni mara tatu, siku ya kwanza, ya nne na ya saba yenyewe. Ikiwa mstari wa nne, uliokufa kwa saa sita, ungefufuka kwa alfajiri, mbele ya macho ya mkaguzi, hakuna ambaye angesema saa ni hadithi. Usingekuwa ushahidi unaotambuliwa na kanuni. Lakini ungekuwa ushahidi.

Alfajiri ya kwanza alidhani watakuwa wawili, yeye na mjomba. Alipofika alikuta kijiji kizima na ndoo, na Bi Mwantumu mbele, kanga kiunoni, akigawa watu kwenye mashina.

"Mzee Singano," alisema, akisimama mbele ya uso wake. "Nilikuita mvivu."

"Nini?"

"Nimesema nilikuita mvivu! Unisamehe!"

"Sisikii!"

"NISAMEHE!"

"Ndiyo, basi, usinipigie kelele," alisema Mzee Singano, na watu wakacheka mpaka rojo likamwagika.

Siku ya nne wakarudi. Siku ya tano Sikujua alikaa chini ya mti wa nne wa mstari wa nne tangu jua linatoka mpaka linazama, akilitazama sikio. Kimya. Siku ya sita, kimya. Majani yalizidi kudondoka. Miti hii ilikuwa imechomwa siku tisini, si sawa na miti ya Bi Mwantumu, na pengine alikuwa amewadanganya tena bila kukusudia. Alikula chakula cha jioni kwa mjomba wake bila kujua alichokula.

5

Siku ya saba, mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaingia kati ya mistari, na ndoo zilikuwa nusu, waliposikia ngurumo barabarani.

Fagio lilipanda kilima taratibu, jekundu, taya zake zimekunjwa. Mbele yake gari dogo la Bwana Mntambo. Mama Hiza aliangusha ndoo.

"Bado!" Sikujua alikimbia kuelekea lango, akijikwaa. "Bado muda! Tuna mpaka mchana!"

Bwana Mntambo alikanyaga dawa ya viatu, kulia, kushoto, kulia. Hakumtazama usoni. "Dada Sikujua, tusifanye iwe ngumu zaidi."

Nyuma yake taya za Fagio zilianza kukunjuka kwa sauti ya chuma. Lingeanza na mstari ulio mbaya zaidi, kama ilivyo kawaida, na mstari mbaya zaidi ulikuwa unajulikana. Watu walirudi nyuma. Mtu mmoja hakurudi, kwa sababu hakuwa amesikia chochote. Mzee Singano alikuwa ameipa mashine mgongo, chupa tupu mkono mmoja, mkono mwingine umelala kwenye shina la mti wake wa nne.

"Mjomba!" Sikujua aliita, bure.

Mzee aliinamisha kichwa. Akabadili mkono, akaweka wa kulia. Kisha akageuka na uso ambao Sikujua hakuwahi kuuona, akaliona Fagio, wala hakulijali.

"Unadunda!" alisema, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ilifika kila mahali. "Njooni! Unadunda!"

Sikujua alifika kwanza. Masikio yote yalikuwa kimya. Hayajamaliza kuhesabu mia yao. Aliweka kiganja. Hakuna. Hakuna. Kisha kitu kidogo kikamgonga chini ya kidole gumba, kikakaa, kikamgonga tena.

"Lete mkono wako," alimwambia Bwana Mntambo, akamshika kabla hajakubali. Mkaguzi alisimama akiwa ameuweka kwenye gamba, mkono wa shati umeingia uchafu kwa mara ya kwanza maishani, na uso wake ukabadilika.

Tik, likasema sikio la mti wa nne. Tik. Likafuata la mti wa saba, la kumi na moja, la ishirini, kila moja likimaliza hesabu yake kwa wakati wake, mpaka mstari mzima ulikuwa unalia na Bi Mwantumu analia na hakuna aliyejua wa kuanza kumkumbatia. Dereva wa Fagio alizima mashine ili asikie vizuri.

"Kama ungekuja mchana usingeukuta mdundo huu," Sikujua alisema, akihema. "Mchana vitundu vimefungwa, mti mgonjwa haudundi. Umekuja saa yake..."

Kitu kilimpita kichwani, akauliza polepole sana:

"Bwana Mntambo. Kwani umekuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Kama amri inavyosema."

"Nani alikusomea amri?"

"Kisanduku cha gari. Siku ya saba, saa kumi na mbili..." Mkaguzi aliishia hapo.

Sikujua alitoa karatasi ya amri kwenye mfuko wa gauni, akaikunjua, akaweka kidole kama alivyofanyiwa na mjomba wake. "Nisomee."

Bwana Mntambo, mtu wa Tanga, mtu wa shati lililonyooshwa, mtu anayekanyaga dawa mara tatu, alisoma 12:00. Alisoma tena. Alitazama jua, lililokuwa halijafika hata juu ya minazi. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mtu makini," Bi Mwantumu alisema kwa upole wa kutisha, "anaweza kuchanganya?"

Ilichukua muda kabla mkaguzi hajaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kujizuia. Alijishika magoti, akamwaga machozi, akafuta miwani kwa kile kipande cha shati kilichochafuka. "Anaweza," alisema. "Naandika hivyo. Kosa la kifaa, hata mtu makini amelikosea, na mtu mwenyewe ni mimi. Kanuni ya tisa haikatai. Jaribio ni halali kama lilivyofanyika." Alimwashiria dereva arudishe Fagio barabarani, kisha akatoa fomu. "Mistari mitatu kati ya mitatu. Na hii ya maji muinyweshe rojo leo hii. Sasa, muda wa kumwagilia. Niandike saa ngapi?"

"Usiandike saa," Sikujua alisema upesi. "Andika: jua linapochomoza."

"Na yale mabomba yatajuaje jua limechomoza?"

"Yanakula jua kila siku. Yanalijua kutuzidi sisi."

Bwana Mntambo akaandika kwa mkono wake, herufi moja moja, na Sikujua akabonyeza kidole gumba ambacho bado kilikuwa na udongo. Vigelegele vilianzia kwa Mama Hiza safari hii, bila kuomba radhi.

Mzee Singano hakuwa amegeuka. Alikuwa anatembea kutoka mti hadi mti, akiweka kiganja, akitikisa kichwa kwa furaha, akihesabu kwa sauti. Alipofika wa arobaini alikumbuka kitu, akawageukia wote.

"Nyie! Saa ngapi sasa?"

Kijiji kizima kilitazamana, mkaguzi akiwemo, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Sikujua alinyoosha mkono, akamwonyesha jua.